Pijo la Marehemu Sabiti

Watu wa Kagongwa wakimwelekeza mgeni kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Chausiku binti Sabiti, husema, "Pale penye gari la marehemu." Wakishasema hivyo hubadilisha mazungumzo. Gari lenyewe halipo tena, lakini wapakiaji wa magunia bado hupinda njia wanapofika mahali lilipokuwa limeegeshwa, hata kama mzigo umewalemea mabegani.

Chausiku ni mama wa makamo, mwili mkubwa kiasi, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Hakurithi kitu. Alianza kwa kuokota chenga chini ya mashine za wenzake na kuziuza kwa kisado, akapanda hadi kukodi mashine, mwisho akawa na yake. Katikati ya hayo aliolewa Kahama, akazaa mtoto ambaye hakulia, akaachika, akarudi kwa mama yake, Safiya. Tangu hapo wakawa wawili tu ndani ya nyumba, na ukutani hapakuwa na picha ya mtu yeyote. Baba hakupenda kupigwa picha.

Baba huyo, Sabiti, alikuwa dereva wa teksi. Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, mtu mwenye Pijo 404 nyeupe kati ya Shinyanga na Kahama alikuwa mtu. Abiria walimngoja yeye na kuliacha basi liende. Chausiku alikuwa mtoto wa kupakatwa na siti ya mbele. Alikuwa akilala hapo kichwa kikielekea kwa baba yake, akitazama kutoka chini zile saa tatu za duara kwenye dashibodi, mishale yake ikitetemeka kama masharubu ya panya.

Sabiti alifia barabarani kati ya Tinde na Isaka, mwezi wa Ramadhani, jua likikaribia kuzama. Alikuwa anarudi nyumbani bila abiria. Mbele yake kulikuwa na lori la pamba linalotimua vumbi, na ndani ya vumbi hilo alikutana uso kwa uso na Pijo jingine, jeupe kama lake. Dereva wa pili naye alikuwa peke yake, Msukuma wa Mhunze kule Kishapu, jina lake Ndaki. Wote wawili hawakufika hospitali. Kwenye matanga ya Sabiti ikasemwa kwamba Ndaki alikuwa amelewa. Nani alisema kwanza, hakuna ajuaye, lakini neno lile liliingia nyumbani likakaa kama mmoja wa familia. Chausiku alimlaani mlevi wa Mhunze kabla hajajua Mhunze iko upande gani wa dunia.

Mabaki ya magari yote mawili yaliburutwa hadi kwenye uwanja wa kinu cha pamba kilichokufa, nje ya mji wa Shinyanga, yakaachiwa nyasi. Miaka ikapita. Siku moja Chausiku akasikia kwamba wanunuzi wa chuma chakavu wameingia uwanja ule na mitungi yao ya gesi, wanakata kila kitu. Akaacha mpunga wa watu kwenye foleni, akapanda basi. Alikuta gari moja tu limebaki, bila injini, bila boneti, bila magurudumu wala dashibodi, mchwa wamejenga kwenye siti ya nyuma.

Mlinzi mzee wa kinu akamwambia, "Lile lenzake mafundi walikwisha kulitafuna zamani. Hili ndilo la Sabiti."

Alisema kwa uhakika, na Chausiku hakumwuliza amejuaje. Aliweka kiganja juu ya paa lililochomwa na jua, akasema, "Shikamoo baba," akalia pale mbele ya wakata vyuma mpaka wakazima moto wao.

Lilipofika Kagongwa juu ya lori, Safiya alitoka barazani akachungulia ndani yake kidogo, akajifunika kanga vizuri, akarudi ndani. Hakuuliza lolote, na katika miaka miwili iliyofuata hakuligusa hata kwa ncha ya kidole.

Kazi ya kulifufua alipewa Mageni, fundi wa Isaka, mtu mwembamba asiye na haraka, ambaye ujana wake wote uliishia chini ya matumbo ya Pijo. Siku ya kwanza aliuzunguka mwili wa gari, akagonga hapa na pale kwa kiungo cha kidole, akasema, "Binti Sabiti, kulipaka rangi likang'aa si kazi. Mtu yeyote atakufanyia. Wewe unataka ling'ae au unataka liwe lenyewe?"

"Liwe lenyewe, fundi."

"Basi usiniharakishe."

Na kweli ilikuwa kazi ya kuwinda. Pijo za aina ile zimekwisha kuwa majina tu midomoni mwa wazee. Kinachouzwa madukani kama spea yake mara nyingi ni kitu cha gari jingine kilichopigwa tindo kikafanana. Mageni alimfundisha Chausiku kupima kitasa cha mlango kwa uzito, maana cha kweli kinalala mkononi kama jiwe la mto na cha bandia kinapwaya. Kuangalia upande wa ndani wa kipande cha chuma, pale ambapo kiwanda kiliacha namba yake ndani ya chuma chenyewe na siyo juu ya rangi. Kuzungusha nati kwa vidole kabla ya spana, kwa sababu nati iliyozaliwa na bolti yake huingia bila kulalamika. Alikuwa na msemo mmoja aliourudia mpaka Chausiku akawa anauota: "Spea yake haiombi nyundo. Ikiomba nyundo, si yake."

Taa za mbele walizipata Kahama kwa fundi redio aliyekuwa amezitunza kama mapambo. Milango haikuhitaji kutafutwa, ilikuwepo. Injini waliipata mbali, Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Huko wachimbaji walikuwa wameifunga kwenye karasha, lile pipa la chuma lenye magololi linalosaga mawe ya dhahabu, na kwa miaka ilikuwa imesaga miamba usiku na mchana huku ikinyweshwa mafuta ya aina yoyote yaliyopatikana. Wenyewe walikuwa wameshanunua mashine ya Kichina, ile ya zamani wameitupa kwenye kivuli cha turubai. Mageni alipiga magoti, akafuta tope jekundu ubavuni mwa injini, akasoma namba, akasoma tena.

"Ni ya 404," alisema. "Mzima wa afya. Mtu ameisulubu lakini hakuivunja."

Ilipoingizwa kwenye gari ililala mahali pake kama mguu kwenye kiatu chake. Nyundo haikuguswa. Siku ilipowaka mara ya kwanza, Safiya alikuwa anachambua mchele barazani. Ungo ulimtoka mikononi, akaingia ndani akafunga mlango, akashinda humo hadi magharibi.

Lakini kabla hata ya injini kupatikana, Chausiku alikuwa ameanza tabia yake. Jua la mchana likisimama juu ya Kagongwa, mashine zikizimwa wapakiaji wale chakula, alikuwa anachukua kikombe chake cha chai ya rangi, anafungua mlango wa gari, anaketi siti ya abiria. Anazungumza na baba. Mwanzoni alisema maneno ya mtu anayetembelea kaburi. Baadaye akasema yote. Alimweleza kuhusu mume wa Kahama na namna alivyomtoa nje na godoro lake. Alimweleza kuhusu mtoto, kwamba alikuwa wa kike, kwamba alikuwa na nywele nyingi, jambo ambalo hata Safiya hakuwahi kuambiwa. Alimweleza kwamba kuna siku anamchukia mama yake kwa jinsi anavyokaa kimya. Na kila alipomaliza alihisi amesikilizwa. Si mawazo tu ya mtu mwenye majonzi. Alihisi uzito upande wa dereva, siti ikizama kidogo, kama mtu anayegeuka ili akusikie vizuri.

Kulikuwa na mambo ambayo hakutaka kuyaangalia sana. Siti ya dereva ilikuwa imesukumwa nyuma mpaka mwisho na kutu imeishika hapo, na Sabiti alikuwa mtu mfupi. Harufu ya tumbaku ilikuwa inatoka ndani ya gari kukiwa na joto. Mageni alibadilisha sponji, akabadilisha ngozi, akasugua chuma kwa sabuni na mafuta ya taa, na mchana uliofuata harufu ilikuwepo, nzito, ya tumbaku ya kusokota, si ya sigara ya dukani. Sabiti hakuvuta maisha yake yote.

"Abiria," Chausiku alijiambia. "Abiria walikuwa wanavuta."

Wapakiaji nao walikuwa na lao. Mmoja aliapa kwamba alipita pale mchana akamwona bosi amekaa kwenye gari na mwanaume mrefu, akadhani ni mteja. Chausiku alicheka aliposikia, halafu akawa mkali, akasema mtu asiyeweza kazi aende zake.

Kilichobaki ilikuwa dashibodi. Hiyo ilisumbua kuliko vyote, mpaka Mageni akasikia habari za Nuruddin, mfanyabiashara wa Songwa, jirani na mgodi wa almasi, ambaye stoo yake ilijaa vitu vya magari yaliyokufa. Walikwenda pamoja. Nuruddin, mzee mchangamfu mwenye kofia ya kufuma, aliwapandisha ngazi hadi juu ya mbao za dari, akashusha kitu kilichofungwa kwenye gunia.

"Hii nilikuwa nimemwekea mtu wa Mwanza," alisema. "Hakurudi. Mungu anajua mwenyewe."

Alipolifungua gunia, Chausiku aliona saa tatu za duara. Akashika mdomo. Kwenye saa ya spidi, pembeni ya themanini, palikuwa na mstari mdogo mwekundu umepakwa juu ya kioo kwa rangi ya kucha.

Mstari ule aliujua. Mama yake aliupaka mwenyewe, Chausiku akiwa anamshikia kichupa. Safiya alikuwa amepanda gari na mumewe kwenda Shinyanga, akarudi akiwa kijivu kwa hofu, akasema, "Mume wangu, ukifika hapa kwenye nyekundu, jua kwamba nakutazama." Sabiti alicheka sana siku ile.

"Ni yake," Chausiku alisema. "Fundi, ni ya baba. Ni yenyewe."

Njia nzima ya kurudi aliipakata kama mtoto. Hakutaka hata kungoja kesho. Mageni akafungua boksi lake la spana, akaiinua dashibodi, akaipeleka mahali pake. Akaishusha. Akainua tena, akaigeuza kidogo. Masikio yake hayakukutana na matundu ya mwili wa gari. Akachukua tochi akaingiza kichwa chini, akakaa huko muda mrefu.

"Vipi?" Chausiku aliuliza.

"Haikai."

"Isukume."

"Binti Sabiti, inaomba nyundo."

"Basi ipige nyundo! Ni ya baba yangu, nimekwambia!"

Mageni alitoka chini ya usukani, akajifuta mikono kwa kitambaa taratibu, kama mtu anayetafuta maneno kwenye nyuzi zake. "Pijo za mwanzo," alisema, "hazikuwa na saa za duara. Zilikuwa na spidi ya mstari mrefu, imelala hivi, na mshale unatembea kama siafu kwenye kamba. Hizi za duara zilikuja baadaye. Njoo uone matundu haya. Hayajatobolewa na fundi wa mtaani, ni ya kiwandani. Gari hili limezaliwa na ile ya mstari."

"Kwa hiyo dashibodi si ya baba?"

"Wewe ndiye unayeijua. Ni ya baba yako?"

Chausiku alitazama mstari mwekundu. "Ni yake."

Pale, jua likiwa bado kali na mashine zikinguruma, Chausiku alielewa, akaketi chini kwenye pumba. Magari yalikuwa mawili. Lililotafunwa ndilo lilikuwa la Sabiti. Hili alilolisalimu kila asubuhi, alilolisugua kwa mikono yake, alilokalia na chai yake na kulimwagia siri za maisha yake yote, lilikuwa la mlevi wa Mhunze. Na kule ndani mtu alikuwa amemsikiliza.

Alimpigia Nuruddin simu. Mzee alikumbuka vizuri. Ndiyo, dashibodi aliitoa mwenyewe kule kwenye kinu, kwenye lile gari lililokuwa karibu na lango, alilimaliza lote. Bodi iliuzwa kwa kilo. Injini? Injini aliwauzia vijana wa Nyarugusu, walitaka kitu cha kuzungushia karasha.

Chausiku alikata simu, akageuka kulitazama gari. Mwili wa Ndaki, moyo wa Sabiti. Walikuwa wote wawili humo ndani, na yeye ndiye aliyewakutanisha tena.

Hilo lilitosha kumnyima mtu usingizi, lakini kulikuwa na jingine. Mageni aliliona kabla yake na hakutaka kulisema. Chausiku ndiye aliyelifikia, siku iliyofuata, alipoiweka dashibodi mezani na kuifuta vumbi. Mshale wa saa ya spidi haukuwa umelala kwenye sifuri. Ulikuwa umekwama, umepinda, ukingoni mwa kioo, mbali kupita mstari mwekundu. Kilomita mia na kumi.

"Fundi," alisema, "mshale huu unasema nini?"

"Mshale unaweza kuruka kwa kishindo," Mageni alijibu upesi. "Usiuamini sana."

"Na unaweza kukwama pale ulipokuwa?"

Mageni aliinama akaokota nati ambayo haikuwa imeanguka. "Unaweza," alisema.

Kwa muda Chausiku hakulikaribia gari. Alilifunika turubai. Harufu ya tumbaku ikawa inapita chini ya turubai na kumfuata mpaka dirishani kwake, na mchana mashine zikizimwa alikuwa anasikia, au anadhani anasikia, mlango wa gari ukifunguka na kutofungwa. Alipungua mwili. Mwishowe aliichukua dashibodi, akaingia nayo kwa mama yake, akaiweka juu ya mkeka bila salamu.

Safiya aliitazama. Akanyoosha kidole akaugusa mstari ule wa rangi ya kucha, halafu akaurudisha mkono kwenye kanga.

"Gari lile la nje si la baba," Chausiku alisema.

"Najua."

"Unajua?"

"Baba yako alikuwa amelitia la kwake zulia la kijani kwenye paa kwa ndani, nilimshonea mimi. Lile siku lilipofika nilitazama, halina hata alama ya gundi. Nikasema moyoni, mwanangu amefurahi, nimwache."

Chausiku akauliza lile lililokuwa karibu zaidi. "Mama, nani alisema yule mtu alikuwa mlevi?"

Safiya aliukunja ukingo wa mkeka, akaukunjua.

"Asubuhi ile tuligombana," alisema. "Alikuwa amechelewa futari siku mbili mfululizo, mimi nimepika, nimekaa na wewe tu kama mjane. Nikamwambia, leo ukichelewa tena, ukafuturu huko huko, usirudi. Jua linazama, Chausiku, na yeye yuko bado Tinde. Wewe unadhani alikuwa anakwenda mwendo gani?" Alimeza mate. "Kwenye matanga mwanamke mmoja akasema, huyo wa upande wa pili labda alikuwa amelewa. Labda. Nikalidaka. Nikalisema tena kwa aliyefuata bila labda. Mtu akiwa amelewa, basi mimi sikumuua mume wangu."

Walikaa hivyo, mtu na mama yake, na dashibodi katikati yao kama mgonjwa. Hakuna aliyelia. Chausiku anasema hadi leo kwamba angetamani wangelia.

Baada ya hapo alimwita Mageni. "Kama ni la Ndaki," alisema, "basi liwe lake. Tafuta ile ya mstari."

Mageni aliipata Katoro, kwa bibi mmoja aliyekuwa anafuga kuku ndani ya Pijo ya marehemu mumewe. Iliwabidi wamngoje tetea aangue ndipo waruhusiwe kuingia. Dashibodi ilikuwa imepauka, kioo kimepata ukungu, lakini mshale ulikuwa mzima, na ilipofikishwa kwenye gari ikaingia matunduni kwa mkono mmoja. Mageni hakushangilia. Alipitisha kiganja juu yake, akasema, "Karibu nyumbani," akaenda kunawa.

Walilipeleka Mhunze mwanzoni mwa kiangazi, pamba ikiwa imeanza kupasuka mashambani na njia ya Kishapu imekauka nyeupe. Mageni aliendesha. Chausiku alikaa siti ya nyuma, hakuthubutu mbele. Kwenye boma la Ndaki, nje kidogo ya mji, walimkuta mjane wake, Mariana, mwanamke mrefu aliyeinama kidogo, anatandaza michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha, juani juu ya bati. Watoto wa boma walitangulia kulikimbilia gari, kisha wakasimama ghafla bila kuambiwa.

"Mwadila, mama," Mageni alisalimia, na mjane akaitikia bila kuondoa macho kwenye gari. Alilijia polepole. Alipofika kwenye mlango wa dereva alisimama, akavuta pumzi kwa pua, na uso wake ukavurugika.

"Tumbaku yake," alisema.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kilitosha. Chausiku alipiga magoti mbele yake pale vumbini na kumweleza yeye ni nani. Aliposema jina la Sabiti, Mariana alirudi hatua nyuma. Chausiku hakusimama. Alimweleza juu ya saa ya spidi ya baba yake na mshale, na juu ya futari, na juu ya neno lililosemwa kwenye matanga.

"Mume wangu hakunywa," Mariana alisema. "Alikuwa anasoma masomo kanisani. Baada ya kifo walimwondoa hata kwenye sala za marehemu. Wajukuu wangu shuleni wanaitwa wa mlevi. Na nyinyi mlikuwa mnajua?"

"Mama alikuwa anajua. Mimi nilikuwa naamini."

"Kuamini ni rahisi."

"Ndiyo, mama."

Mariana akaita kwa Kisukuma, na watu wa boma wakatoka, wanawe wenye mvi, wakwe, watoto. Akamwambia Chausiku, "Sema tena. Wasikie wao. Si kwangu peke yangu."

Ikawa hivyo. Chausiku alisimama akasema tena, Mageni akitafsiri kwa Kisukuma pale palipohitajika, na aliposema kwamba baba yake ndiye huenda alikuwa nje ya upande wake, alikatiza, akaanza upya, akamaliza. Mtoto mmoja wa kiume wa Ndaki aliondoka katikati ya maneno, akaenda kusimama nyuma ya zizi na hakurudi. Wengine walisikiliza hadi mwisho. Hakuna aliyemshukuru, wala hakuna aliyemtukana. Jumapili iliyofuata, inasemekana, jina la Ndaki lilisomwa kanisani.

Kabla hawajaondoka, Mariana aliuliza injini ilikotoka. Walipomwambia, aliegemea gari.

"Ibaki," alisema. "Wameshazoeana. Lakini lisiwashwe tena hapa."

Gari likasukumwa chini ya banda la pamba, na huko liko. Wanasema mjane huketi humo mchana, na watoto hawachezi upande ule.

Chausiku alidhani yamekwisha. Lakini mvua za vuli zilipoanza, Safiya, ambaye kwa miaka hakuwa amevuka Isaka, akasema anataka kupelekwa kwenye kaburi la Ndaki. Chausiku alikodi gari dogo. Kule Mhunze wajane wale wawili walisalimiana kwa vidole, wakaenda peke yao nyuma ya nyumba penye makaburi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwao kwenda mashambani, kwa hiyo walichosema hakikusikika. Chausiku aliona tu mama yake akiinama, na Mariana akiwa amesimama kando ameshika kiuno, bila kumsaidia kuinuka na bila kumwacha.

Wakati wa kurudi Safiya alikaa mbele. Walipita Shinyanga, wakapita Tinde. Lami siku hizi ni nyororo na malori ya pamba hayatimui vumbi. Jua lilikuwa linashuka upande wa Kahama, linawapiga usoni, na dereva aliyekodiwa, ambaye hakujua lolote kuhusu watu hawa, alikuwa anapiga mluzi.

"Dereva," Safiya alisema, "taratibu."

"Mama, tunakwenda hamsini tu."

"Najua. Taratibu."

Dereva alitazama kwenye kioo, akakutana na macho ya Chausiku, akaacha mluzi wake. Akapunguza mwendo mpaka baiskeli zikawa zinawapita.